Kuwekeza katika kampuni za betri na magari ya umeme: mwongozo kamili kwa mwekezaji mdogo

Mwaka 2024 magari ya umeme zaidi ya milioni 17 yaliuzwa duniani, yakiwamo yale yenye injini ya mafuta pamoja na betri ya kuchajiwa kwa waya, na hiyo ni zaidi ya gari moja katika kila magari mapya matano. Mwaka huohuo kampuni ya Fisker ya Marekani ilifilisika, na Northvolt ya Uswidi, ambayo Ulaya ilikuwa imeitegemea ishindane na viwanda vya betri vya China, ilikwenda mahakamani mwezi Novemba kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Machi 2025 ilitangazwa rasmi kuwa mufilisi, ingawa miongoni mwa wenye hisa wake walikuwamo Volkswagen na benki ya Goldman Sachs, ambao hawakukosa wachambuzi wala wanasheria.

Soko linaweza kukua kila mwaka huku wenye hisa wengi wakipoteza fedha zao, kwa sababu ukuaji wa mauzo hausemi nani atabaki na faida. Mwongozo huu unakusudia kumsaidia msomaji kujua faida inakaa wapi, namna ya kuitafuta katika hesabu za kampuni, na namna ya kununua hisa hizo akiwa Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko bila kukwama katika kodi na ada.

Hatua ya kwanza: tenga fedha ambayo hutaihitaji

Hisa za sekta hii hupanda na kushuka kuliko hisa za benki au za viwanda vya bia tulivyozoea kuona katika masoko yetu. Rivian, mtengenezaji wa magari ya umeme wa Marekani, iliuza hisa zake kwa umma Novemba 2021 kwa dola 78 kila moja. Ndani ya siku chache bei ilivuka dola 170, na kufikia Aprili 2024 ilikuwa chini ya dola 10. Aliyenunua kwa ada ya shule ya mwaka unaofuata hakuwa na nafasi ya kusubiri. Kwa hiyo akiba ya dharura ikae mahali inapoweza kutolewa upesi, kwa mfano katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS kwa aliye Tanzania au katika mfuko wa soko la fedha kwa aliye Kenya, na fedha ya sekta hii iwe ile inayoweza kukaa miaka mitano au zaidi. Binafsi naona kwamba sehemu ya kumi ya uwekezaji wote wa mtu inatosha, na hata hiyo ni nyingi kwa anayeanza.

Hatua ya pili: tambua kampuni inasimama wapi katika mnyororo

Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Betri ya gari huanzia mgodini, ambako huchimbwa lithiamu, nikeli, kobalti, manganizi na grafiti. Madini hayo husafishwa viwandani, hasa China, yakawa kemikali; kemikali huwa kathodi na anodi, yaani pande mbili za ndani ya betri; hizo huunganishwa kuwa seli, seli huwa pakiti, na pakiti huingia kwenye gari. Kila ngazi ina kampuni zake, na kila kampuni hupata faida au hasara kwa sababu zake.

Tuanze na wachimbaji. Bei ya kaboneti ya lithiamu nchini China ilifikia takriban yuani 600,000 kwa tani Novemba 2022, kisha migodi mipya ikaanza kuzalisha wakati wanunuzi wakitumia kwanza shehena walizokuwa wamejaza maghalani, na kufikia mapema 2024 bei ilikuwa chini ya yuani 100,000 kwa tani. Albemarle ya Marekani, mojawapo ya wazalishaji wakubwa kabisa wa lithiamu duniani, ilipata faida ya takriban dola bilioni 2.7 mwaka 2022 na hasara ya takriban dola bilioni 1.2 mwaka 2024. Katika muda huo mauzo ya magari ya umeme yalikuwa yakiongezeka. Anayenunua hisa za mchimbaji anaweka fedha yake kwenye bei ya madini kwanza na kwenye magari baadaye, na bei ya madini huanguka zaidi pale ambapo kila mtu, kwa kuona faida, amefungua mgodi wake.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Watanzania kwa sababu ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na grafiti ya Mahenge. Lifezone Metals, inayoendesha mradi wa Kabanga, imeorodheshwa katika soko la hisa la New York tangu Julai 2023, na Serikali ya Tanzania ina asilimia 16 ya kampuni ya ubia iliyoundwa nchini. Black Rock Mining ya Mahenge imeorodheshwa Australia. Ukaribu wa mgodi na kwenu hauibadili aina ya hisa hiyo: kampuni ambayo haijaanza kuuza madini haina mapato, inategemea fedha za wakopeshaji na wenye hisa wapya, na thamani yake hutikiswa na mambo yanayotokea mbali. Nikeli nyingi kutoka Indonesia ilishusha bei duniani kiasi kwamba BHP ilisimamisha shughuli zake za Nickel West, Australia, mwaka 2024. Kama kampuni kubwa iliyokwisha kujenga mitambo ilishindwa kuhimili bei hiyo, mradi unaosubiri mkopo wa ujenzi lazima upimwe kwa bei hiyohiyo, hata kama miamba yake ni mizuri.

Sasa linganisha watengenezaji wa seli na watengenezaji wa magari. BYD ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Wang Chuanfu kama kiwanda cha betri, iliuza magari takriban milioni 4.27 mwaka 2024, ikapata mapato ya takriban yuani bilioni 777 na faida halisi ya takriban yuani bilioni 40. CATL ya Ningde, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa betri za magari, ilipata mapato ya takriban yuani bilioni 362, pungufu ya nusu ya BYD, lakini faida yake ilikuwa takriban yuani bilioni 51. Kwa maneno mengine, BYD ilibaki na senti tano hivi katika kila yuani na CATL ikabaki na kumi na nne. Linalofundisha zaidi ni kwamba mapato ya CATL yalipungua mwaka huo kutoka takriban yuani bilioni 401 mwaka uliotangulia huku faida yake ikipanda. Bei ya lithiamu ilipoanguka, CATL ilipunguza bei za betri zake, mapato yakashuka, lakini gharama zikashuka zaidi. Msomaji aliyeangalia mauzo peke yake angekimbia kampuni iliyokuwa katika mwaka wake mzuri.

Huo si ushauri wa kununua CATL. Ni ushauri wa kuuliza, kabla ya kununua chochote: malighafi ikishuka bei, kampuni hii inanufaika au inaumia? Kwa mchimbaji jibu ni kuumia. Kwa mtengenezaji wa seli inategemea mikataba yake. Kwa mtengenezaji wa gari ni nafuu, isipokuwa washindani wake wote wanapata nafuu hiyohiyo na kuitumia kupunguza bei, kama ilivyotokea China.

Hatua ya tatu: jua kemia ya kutosha ili usidanganyike

Huhitaji shahada. Zipo familia mbili kubwa za betri za lithiamu katika magari. Ya kwanza hutumia nikeli, manganizi na kobalti, na hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo. Ya pili hutumia chuma na fosfati, ni nzito zaidi lakini ni ya bei nafuu, hudumu na haishiki moto kwa wepesi, nayo ndiyo iliyomo katika betri ya Blade ambayo BYD iliitoa mwaka 2020. Kufikia 2024 betri za chuma na fosfati zilikuwa karibu nusu ya soko la magari duniani, na hizo hazina kobalti wala nikeli.

Tafsiri ya jambo hilo kwa mwekezaji ni ya moja kwa moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na Februari 2025 serikali yake ilisimamisha usafirishaji ili kuinua bei, kisha mwezi Oktoba ikaweka mgawo. Hatua ya namna hiyo inaweza kupandisha bei kwa muda, lakini kila bei inapopanda mtengenezaji wa gari anapata sababu nyingine ya kuhamia betri isiyohitaji kobalti. Grafiti, kwa upande wake, imo katika anodi za familia zote mbili, na hilo ni jambo la kulipa uzito anayetazama miradi ya Mahenge.

Kuhusu betri za sodiamu na zile za elektroliti ngumu, yaani zinazotumia kitu kigumu badala ya kimiminika ndani ya seli, tahadhari ni moja. QuantumScape, inayotengeneza betri za aina hiyo ya pili, ilivuka dola 130 kwa hisa Desemba 2020 ikiwa haina bidhaa sokoni, kisha ikashuka hadi chini ya dola 10. Kampuni inapotangaza ugunduzi, tafuta katika taarifa yake mambo matatu: imeuza seli ngapi, imemuuzia nani, na kwa bei gani kwa kilowati-saa. Mshindani wake halisi ni betri ya kawaida, ambayo wastani wa bei ya pakiti yake ulifika dola 115 kwa kilowati-saa mwaka 2024 kwa hesabu za BloombergNEF, na bado unashuka.

Hatua ya nne: soma hesabu, ukianzia kwenye fedha taslimu

Kampuni zilizoorodheshwa Marekani huweka taarifa zao zote katika hifadhi ya mtandaoni ya tume ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo, iitwayo EDGAR, bila malipo. Kwa kampuni za Marekani, taarifa ya mwaka huitwa 10-K na ya robo mwaka 10-Q. Za Hong Kong ziko katika tovuti ya HKEXnews. Usianzie kwenye barua ya mwenyekiti. Anzia kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha.

Chukua kampuni ya mfano. Ina dola bilioni 1.2 taslimu. Katika robo mwaka, uendeshaji umekula dola milioni 180 na ujenzi wa kiwanda umekula dola milioni 120, yaani jumla ya dola milioni 300. Gawanya: fedha iliyopo inatosha robo nne, mwaka mmoja tu. Sasa nenda kwenye idadi ya hisa. Kama miaka miwili iliyopita zilikuwa milioni 200 na leo ni milioni 260, fungu lililokuwa asilimia moja ya kampuni limebaki asilimia 0.77 bila mwenyewe kuuza hata hisa moja. Kampuni yenye mwaka mmoja wa fedha itarudi sokoni kuuza hisa nyingine au itakopa, na bei ya hisa mara nyingi hushuka siku hiyohiyo inapotangaza. Hesabu hii inahitaji dakika kumi na kalamu, nayo ingewaokoa wengi walionunua Fisker, Lordstown Motors na Nikola.

Nikola, mtengenezaji wa malori wa Marekani, inahitaji maelezo zaidi. Iliingia sokoni mwaka 2020 kwa kuunganishwa na kampuni tupu iliyokwisha kuorodheshwa, njia ambayo wakati ule iliruhusu makadirio ya mbali ya mauzo kutangazwa kwa uhuru kuliko katika toleo la kawaida la hisa. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji mwaka 2022, Rais Trump akamsamehe Machi 2025, mwezi mmoja baada ya kampuni yenyewe kuomba kinga ya ufilisi. Video yake iliyovuma ya lori likitembea ilirekodiwa lori likiteremka mlimani kwa uzito wake. Aliyesoma mapato ya kampuni hakuhitaji kusubiri mtu wa kufichua video, kwa sababu mapato hayakuwapo.

Baada ya fedha taslimu, tazama faida ghafi, yaani bei ya gari kutoa gharama ya kulitengeneza. Ikiwa kila gari linauzwa kwa hasara, kuuza magari mengi zaidi hakutibu kitu mpaka gharama ishuke, na kampuni ieleze itashushwaje. Kisha tazama deni kwa wauzaji wa vipuri. Juni 2025 watengenezaji wa magari wa China, BYD ikiwamo, waliahidi kuwalipa wauzaji ndani ya siku 60, ahadi ambayo haingehitajika kama malipo hayakuwa yakichelewa. Kampuni inayochelewesha malipo huonekana ina fedha nyingi, ilhali sehemu ya fedha hizo ni za watu wengine. Mwisho, uliza faida imetoka wapi. Mwaka 2024 Tesla ilipata faida halisi ya takriban dola bilioni 7.1, na takriban dola bilioni 2.76 za mapato yake zilitokana na kuwauzia watengenezaji wengine vibali vya hewa chafu, ambavyo sheria humpa anayeuza magari yasiyotoa moshi na wengine huvinunua ili kutimiza viwango. Mapato hayo karibu hayana gharama, lakini yanategemea sheria.

Hatua ya tano: fuatilia sera za maeneo matatu

Marekani ilikuwa ikitoa punguzo la kodi la hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme. Punguzo hilo lilikomeshwa 30 Septemba 2025 na sheria ya Julai 2025, ambayo pia iliondoa faini zilizowafanya watengenezaji kununua sehemu ya vibali vya Tesla. Umoja wa Ulaya uliweka Oktoba 2024 ushuru wa ziada kwa magari yatokayo China, asilimia 17 kwa BYD na 35.3 kwa SAIC, juu ya asilimia 10 iliyokuwapo. China, inayosafisha karibu grafiti yote ya betri duniani, inataka kibali kwa baadhi ya grafiti inayosafirishwa nje tangu Desemba 2023. Kwa kila kampuni unayoitazama, andika asilimia ya mauzo yake inayotoka katika kila eneo kati ya haya, kisha ujiulize ingebaki na nini ikiwa mlango mmoja ungefungwa.

Hatua ya sita: chagua kati ya hisa moja moja na mfuko

Kwa wengi, mfuko ni bora. Mifuko ya ETF hukusanya hisa za kampuni nyingi na kuuzwa sokoni kama hisa moja; Global X Lithium & Battery Tech, kwa mfano, ilianza mwaka 2010, ina wachimbaji, watengenezaji wa betri na wa magari, na hutoza asilimia 0.75 kwa mwaka. Soma orodha ya hisa zilizomo kabla ya kununua, maana baadhi ya mifuko ya jina la betri imejaa wachimbaji na hufuata bei ya lithiamu kuliko unavyodhani.

Anayetaka hisa moja moja anapaswa kukumbuka mfano wa Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, iliyonunua hisa milioni 225 za BYD mwaka 2008 kwa takriban dola milioni 230. Bei ilipanda sana mwaka uliofuata, ikaporomoka kufikia 2011, na Berkshire haikuuza hata moja mpaka Agosti 2022. Wanaoisifu faida hiyo huzungumza kidogo sana kuhusu mporomoko uliokuwa katikati.

Hatua ya saba: fungua akaunti na upange kodi mapema

Kwanza, dalali. Hakikisha ana leseni kwa kuangalia orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji yenyewe, iwe CMSA ya Tanzania, CMA ya Kenya au msimamizi wa nchi anakosajiliwa, na si kwa kutazama cheti alichokutumia kwenye simu. Kampuni za magari ya umeme zinazojulikana Afrika Mashariki, kama BasiGo, Roam, Ampersand na Spiro, hazijaorodheshwa katika soko lolote la hisa. Anayekuuzia hisa zao kwenye kundi la WhatsApp, au programu inayoahidi malipo ya kila siku kwa kukodisha pikipiki ya umeme au kituo cha kuchaji, anataka fedha yako tu. Aliye Tanzania aulize benki yake masharti ya sheria za fedha za kigeni kabla ya kutuma fedha nje, kwa kuwa mkazi hana uhuru kamili katika jambo hili.

Pili, kodi. Dalali atakutaka ujaze fomu ya W-8BEN kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 30. Faida ya kuuza hisa haikatwi huko, lakini unapaswa kuitolea taarifa kwa TRA au KRA kadiri sheria ya nchi yako inavyotaka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kodi ya mirathi: mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali ya huko yenye thamani inayozidi dola 60,000, zikiwamo hisa za kampuni za Marekani na mifuko iliyosajiliwa huko, kiasi kinachozidi hapo kinaweza kutozwa hadi asilimia 40. Mifuko inayofanana iliyosajiliwa Ireland na kuuzwa London haihesabiwi kuwa mali ya Marekani kwa kodi hiyo, na ndiyo sababu huwafaa wenye kiasi kikubwa. Mjulishe pia mrithi wako kuwa akaunti hiyo ipo.

Tatu, ada. Ukituma dola 100 na benki ikakata 30, hisa lazima ipande kwa karibu asilimia 43 ndipo urudi pale ulipoanzia. Kusanya kwanza, tuma mara chache.

Hatua ya nane: nunua kwa awamu na uandike sharti la kuuza

Gawanya kiasi ulichotenga katika mafungu manne au sita, na ununue fungu moja baada ya kila taarifa ya robo mwaka, ukiwa umeisoma. Kabla ya fungu la kwanza, andika mistari michache: kwa nini kampuni hii, inasimama wapi katika mnyororo, na ni jambo gani likitokea utauza. Sharti liwe la biashara, wala si la bei: kwa mfano, fedha taslimu ikishuka chini ya ile ya robo nne, au mteja mkubwa akivunja mkataba. Mwezi Juni 2024 BMW ilifuta oda ya seli za Northvolt ya takriban euro bilioni mbili kwa sababu ya ucheleweshaji. Kampuni hiyo haikuwa sokoni, lakini habari za namna hiyo hutangazwa pia kwa kampuni zilizoorodheshwa, na Northvolt ilikwenda mahakamani miezi mitano tu baadaye. Mwenye sharti lililoandikwa hutumia miezi ya namna hiyo kuuza, na fungu lililobaki akalipeleka kwenye mfuko.